Matundu Matatu

Kamati ilinituma Tanga mjini
na kibali cha polisi, na bahasha ya noti zilizokunjwa
za watu themanini na mmoja: wenye michungwa, wenye mahindi,
na Bi Mwanakombo mwenye mihogo yake mistari sita.
"Nenda wewe, binti Semhando," walisema,
"ulikuwa karani wa mizani kwenye mkonge,
wewe huuziwi kelele."

Dukani kwa Jivanji, Barabara ya Tatu,
bunduki tatu zimelazwa mezani
kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

Ya kwanza, shotigani ya midomo miwili.
Naijua. Dada yake yuko kwetu Muheza, kwa Sekiondo.
Mwaka jana, jua likizama, tawi lilitikisika, akafyatua.
Nyani wakaenda zao na machungwa mkononi.
Chausiku, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi,
mpaka leo ana gololi saba begani.
Mvua ikikaribia, hutuambia yeye kabla ya redio.

Ya pili, kubwa, ya kuangushia nyati.
"Hii haikosei, mama."
Haikosei nini? Ngedere hana uzito wa nusu gunia.
Risasi hii haitasimama kwake:
itavuka bonde, itavuka reli,
itaingia darasa la pili bila kupiga hodi.

Ya tatu, nyembamba ya risasi, nene ya mtutu,
kitako kimekwaruzwa,
bei yake imeandikwa kwa penseli
kana kwamba inaona haya.

Nikasema: tuzipime. Maneno hayana ratili.

Uwanja wa shabaha, hatua mia mbili.
Sajini Mbelwa kakunja mikono, anangoja kucheka.
Nikalala juu ya gunia,
nikatoa soksi ya mwanangu niliyoijaza mchanga,
nikaiweka chini ya kitako.
Upepo wa kushoto, mdogo, wa kuinamisha nyasi tu.
Pumzi nusu nikaitoa, nusu nikaiweka akiba.
Kifyatulio hakivutwi. Hukumbushwa.

Ile kubwa iliniachia bega jeusi
na matundu matatu kama ndugu watatu baada ya mirathi,
kila mmoja na upande wake.
Ile ya penseli — nilitembea hadi kwenye karatasi,
nikaweka juu yake sarafu ya shilingi mia.
Matundu yote yakafunikwa.
Sajini akaikunjua mikono yake.

"Lakini haina kishindo," akasema Jivanji, mwungwana,
"watu watadhani umewanunulia fimbo."
Nikalipa, na darubini juu yake.

Asubuhi ya kwanza, juu ya kichuguu,
nusu ya kamati imelala nyuma yangu ikinuka kahawa.
Mchungwa wa nne wa Sekiondo ukatikisika.
"Piga," akanong'ona, "piga, anakula ada ya wanangu!"

Ndani ya kioo, manyoya ya kahawia.
Nikazungusha gurudumu, nikangoja jicho litulie.
Si manyoya. Ni sweta, la shule, kiwiko kimetoboka.
Mtoto wa Chausiku, yule mdogo,
anachuma moja moja, anaacha mabichi,
anayashusha polepole ndani ya mkoba wa madaftari
ili yasigongane.

Nikaondoa kidole.
"Upepo," nikasema. "Upepo mbaya."
Wakainuka, wakajikung'uta vumbi.
Mmoja akataja fedha za watu. Mwingine akataja fimbo.
Nikabaki mpaka mkoba ulipofika barabarani
na mkondo wa sweta zingine ukaumeza.

Miaka kumi na tisa kwenye mizani
sikuwahi kuongeza wala kupunguza ratili moja,
hata meneja aliponiomba, hata aliponitisha.
Jani la mpapai lilikuwa limesimama wima.
Nikafungua daftari la kamati, nikaandika kwa wino:
Risasi zilizotumika, hakuna.
Bunduki, sahihi.
Upepo, mkali.